Kifaa, zana, chombo au nyenzo? Mwongozo kamili wa kulitumia neno "kifaa" mahali pake

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kuhariri taarifa ya mradi wa kilimo. Ukurasa wa tatu nikakutana na sentensi hii: "Wakulima wamepatiwa dhana bora za kilimo." Nikaisoma mara mbili. Wamefundishwa? Au wamepewa majembe? Kurasa sita mbele pakawa na jedwali, na ndani yake safu yenye kichwa "Dhana zilizogawiwa", chini yake pampu za mkono na majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Basi, nikasema, ni vitu. Lakini ukurasa uliofuata mwandishi akaanza kueleza "dhana ya kilimo hifadhi", na hapo kweli alimaanisha wazo. Nilipompigia simu kumuuliza, akashangaa kwamba kuna tofauti. Kwake lilikuwa neno moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya makosa ya aina hii, si kwa kumcheka mtu, bali kwa sababu hati nyingi tunazoandika zinategemea maneno haya: mikataba, orodha za manunuzi, taarifa, barua za maombi, maelekezo ya matumizi. Neno likikaa vibaya, mtu analeta kitu kisichotakiwa, au analipia kitu ambacho mwenzake alidhani kimo ndani ya bei. Nimeupanga mwongozo huu kwa hatua, nikianzia na neno "kifaa" kwa kuwa ndilo pana kuliko yote, kisha ndugu zake mmoja mmoja.

Hatua ya 1: Lifahamu neno lenyewe

"Kifaa" limejengwa juu ya kitenzi "kufaa". Ni kitenzi kile kile cha methali "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", na kile kile tunachokitumia tukisema "kisu hiki hakifai". Ukiweka kiambishi ki- mbele yake unapata kitu kinachofaa, yaani kitu chenye msaada katika kazi fulani.

Asili hiyo ndiyo siri ya matumizi yake. Kitu hakifai hivi hivi tu. Kinafaa kwa jambo. Nyundo ni nyundo hata ikiwa imelala kabatini, lakini tukiiita "kifaa" tayari tumeitazama kwa upande wa kazi yake. Ndiyo maana mtu akikuambia "niletee kifaa" unabaki umesimama. Kifaa gani? Akisema "niletee kifaa cha kufungulia chupa", unakwenda. Neno hili lina njaa: linataka kuambiwa kazi yake. Ukinibakizia kanuni moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, nitaichagua hiyo, na utaona inajirudia katika kila hatua.

Upana wake ni mkubwa kweli. Sindano ni kifaa, na mashine ya eksirei inayojaza chumba ni kifaa. Nchini Tanzania chombo cha udhibiti kinaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, jina lililoanza kutumika mwaka 2019, na chini ya hayo maneno mawili, "vifaa tiba", mnaingia glavu, bomba la sindano, kipimajoto na mitambo ya hospitali. Kalamu na daftari ni vifaa vya shule. Mpira, nyavu za goli na jezi ni vifaa vya michezo. Kwa hiyo pale unapotaka neno moja la kufunika vitu vya aina nyingi, "vifaa" halitakuangusha. Linakuangusha pale unapotaka usahihi na hukuliongezea kitu.

Hatua ya 2: Lipatanishe

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa ngeli ya KI-VI haina mizengwe mingi. Kifaa hiki, vifaa hivi. Kifaa changu kimeharibika, vifaa vyangu vimeharibika. Kifaa kipya, vifaa vipya. Kifaa cheusi, vifaa vyeusi. Kifaa kingine, vifaa vingine. Kifaa chenye betri, vifaa vyenye betri. Kifaa ambacho nilikinunua, vifaa ambavyo nilivinunua.

Makosa ninayokutana nayo zaidi ni "vifaa hizi", "vifaa zote" na "vifaa za umeme". Mazungumzo ya mtaani huyavumilia, maandishi hayayavumilii. Sema vifaa hivi, vifaa vyote, vifaa vya umeme.

Namba nazo zina utaratibu wake: vifaa viwili, vitatu, vinne, vitano, vinane hupokea kiambishi, sita, saba, tisa na kumi hubaki kama zilivyo. Wengi hujikwaa kwenye namba zilizounganishwa. Ni vifaa kumi na viwili, si vifaa kumi na mbili.

Istilahi kama "kifaa tiba" na "kifaa saidizi" hubadilika upande wa kwanza tu: vifaa tiba, vifaa saidizi. Hakuna "vifaa vitiba".

Hatua ya 3: Lifunge na kazi yake

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo Kiswahili kinapoonyesha ufundi wake.

Ukitaja kifaa, mara nyingi utafuatisha na "cha" pamoja na kitenzi. Swali ni kitenzi gani: kifaa cha kupima au kifaa cha kupimia? Kukata au kukatia? Lugha yetu ina kauli ya kutendea, ile inayoongeza -i- au -e- kabla ya irabu ya mwisho, na moja ya kazi zake ni kuonyesha kwamba tendo linafanywa kwa kutumia kitu hicho. Kwa hiyo tunasema kisu cha kukatia nyama, jembe la kulimia, kikombe cha kunywea, vifaa vya kuandikia, ndoo ya kuchotea maji. Mwenye kukata ni mtu; kisu ni cha kukatia.

Linganisha "maji ya kunywa" na "kikombe cha kunywea". Maji ndiyo yanayonywewa, kikombe ndicho kinachotumika. Mtoto wa miaka mitano aliyekulia ndani ya lugha hakosei hapa, lakini mtu mzima akikaa mbele ya kompyuta kutafsiri hati, anaandika "vifaa vya kuandika" na "karatasi ya kufunga zawadi". Ni vifaa vya kuandikia, na karatasi ya kufungia zawadi.

Je, "kifaa cha kupima joto" ni kosa? Hapana. Kuna vifaa ambavyo vyenyewe ndivyo vinavyotenda. Kipimajoto kinapima, wewe unasoma tu. Mashine ya kusaga inasaga. Hapo kitenzi cha kawaida kinakaa vizuri. Lakini jiwe halisagi lenyewe. Mtu ndiye anayesaga kwa jiwe, basi ni jiwe la kusagia. Jiulize tu: nikiondoka, kazi itaendelea? Kama itaendelea, kitenzi cha kawaida kinatosha. Kama itasimama, tafuta kauli ya kutendea. Kipimo hiki si sheria ya chuma, na utasikia watu wazima wenye Kiswahili safi wakisema "mashine ya kufulia" kwa mashine inayofua yenyewe. Lakini kwa mtu anayeandika maelekezo ya matumizi, kitakusaidia mara tisa kati ya kumi.

Kwa kiambishi kile kile cha ki- lugha imejitengenezea pia majina mafupi ya vifaa: kipaza sauti, kinasa sauti, kikokotoo, kiyoyozi, kizibo, kifuniko. Jina likiwepo, litumie. "Kifaa cha kupoza hewa chumbani" ni maelezo ya mtu ambaye jina la kiyoyozi limemtoka kichwani.

Hatua ya 4: Tenga "zana" na "dhana", kisha "zana" na "kifaa"

Turudi kwenye ile taarifa ya kilimo.

Zana ni kitu unachokishika au kukiendesha ili ubadilishe hali ya kitu kingine: ardhi, mti, chuma, jiwe. Jembe, shoka, patasi, randa, plau. Dhana ni wazo, fikra, jinsi jambo linavyoeleweka. Dhana limetoka Kiarabu na ni jamaa wa kitenzi "kudhani". Kumbukumbu ni hiyo hiyo: kama kitu kinahusiana na kudhani, ni dhana. Huwezi kulima kwa kudhani.

Kwa nini kosa hili ni gumu kufa? Kwanza, sauti. Lugha za kwanza za wasemaji wengi hazina sauti ya "dh", kwa hiyo husema "feza", "zambi", "zahabu". Shuleni husahihishwa: ni fedha, dhambi, dhahabu. Mwanafunzi anajifunza kwamba z yake huwa na kasoro, halafu anairekebisha hata pale ilipokuwa sahihi. Anaandika "dhiara" akimaanisha ziara, na "dhana za kilimo" akimaanisha zana. Ni mtu aliyejitahidi, tena sana. Jitihada yake ndiyo iliyovuka mpaka.

Pili, sarufi haimwokoi. Maneno yote mawili yako ngeli moja: zana hii na dhana hii, zana hizi na dhana hizi, zana mpya na dhana mpya. Umoja na wingi vina umbo moja. Hakuna kiambishi kitakachopiga kelele. Na programu ya kukagua tahajia nayo hunyamaza, kwa kuwa yote mawili yamo kwenye kamusi. Anayebaki kuyatenganisha ni macho yako. Mimi nikimaliza kuhariri hati yoyote, hutafuta "dhana" neno kwa neno na kuuliza kila moja: wewe ni wazo au ni jembe? Inachukua dakika tatu.

Sasa zana na kifaa. Kila zana ni kifaa, lakini si kila kifaa ni zana. Zana ina jasho ndani yake. Inaingia kwenye kitu na kukigeuza. Angalia mahali ambapo lugha imelishikilia neno hili kwa nguvu: zana za kilimo, zana za uvuvi, zana za kivita, zana za useremala. Angalia pia historia. Mawe yaliyochongwa yaliyopatikana Olduvai, Tanzania, yenye umri wa karibu miaka milioni 2, na yale ya magharibi mwa Ziwa Turkana, Kenya, yaliyotangazwa mwaka 2015 na kukadiriwa kuwa na miaka milioni 3.3, huitwa zana za mawe. Ukisema "vifaa vya mawe" msomaji atakuelewa, lakini atahisi kitu kimepungua. Jiwe lile lilishikwa kiganjani likapasua mfupa.

Kwa upande mwingine, glavu za daktari ni vifaa kinga. Kuziita zana kinga kungekuwa kugeni. Hazichongi wala hazikati, zinakinga tu. Kuna eneo la katikati ambapo maneno yote mawili yanapita, mfano zana za kufundishia na vifaa vya kufundishia. Mimi mwenyewe nikiandika huita "zana" zile ambazo mwalimu ameziandaa ili zifanye kazi kwenye akili ya mwanafunzi, kama ramani, kielelezo au kadi za maneno, na "vifaa" nawaachia chaki, madaftari na vitabu. Wengine hawatofautishi, na sina ugomvi nao mradi ndani ya hati moja wasibadilishebadilishe.

Hatua ya 5: Weka "chombo" kwenye nafasi yake

Chombo hubeba au hupokea. Sufuria, bakuli na sahani ni vyombo, ndiyo maana tunaosha vyombo na hatuoshi vifaa. Jahazi ni chombo, na methali zimejaa humo: "Nahodha wengi, chombo huenda mrama." Ile nyingine, "Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba", inazungumzia chombo cha jikoni. Picha ni ile ile: kitu chenye tumbo.

Kutoka hapo neno limesafiri mbali. Chombo cha moto ni gari, pikipiki au bajaji. Chombo cha angani ni kile kinachorushwa nje ya dunia. Vyombo vya habari hubeba habari. Vyombo vya dola na vyombo vya usalama vimebeba mamlaka. Hapo neno limekuwa na maana ya taasisi, nami nimelitumia hivyo nilipotaja udhibiti wa dawa hapo juu. Usijaribu kuyabadilisha haya. "Vifaa vya habari" si vyombo vya habari: vifaa vya habari vitakuwa kamera na vipaza sauti vya mwandishi, si gazeti wala redio yenyewe.

Upatanisho wa chombo ni ule ule wa kifaa, ila kichwa chake ni ch- na vy-: chombo hiki, vyombo hivi.

Hatua ya 6: Ndugu waliobaki

Ala ni kifaa cha ustadi, na katika matumizi ya leo limebaki hasa kwenye muziki na isimu. Ngoma, zeze, marimba na zumari ni ala za muziki. Midomo, ulimi, meno, ufizi na kaakaa ni ala za sauti. Ala pia ni mfuko wa kisu au upanga, kwa hiyo "kisu kimo alani" ni jambo lingine kabisa.

Mtambo ni mkubwa, una sehemu nyingi zinazofanya kazi pamoja, na mara nyingi umefungwa mahali: mtambo wa kufua umeme, mtambo wa kusafisha maji, mitambo ya uchapaji. Ni ngeli ya U-I: mtambo huu, mitambo hii. Mashine ni neno la mkopo lenye mwili mdogo zaidi. Cherehani ni mashine, huwezi kuiita mtambo bila mtu kutabasamu.

Nyenzo lina historia nzuri. Wenzo ni mti au chuma cha kuinulia au kusogezea kitu kizito. Nyenzo ni wingi wake. Aliyesoma sayansi ya shule ya msingi atakumbuka madaraja matatu ya nyenzo, pamoja na mkasi, toroli na koleo. Wavutao mtumbwi kutoka majini huutandikia magogo chini yake, nayo ni nyenzo. Kutoka picha hiyo ya kitu kinachokurahisishia mzigo, nyenzo limekuja kumaanisha njia au msaada wa kufikia lengo, hata usioshikika: elimu ni nyenzo ya maendeleo, lugha ni nyenzo ya mawasiliano. Ukitaka kusema kwamba jambo fulani ni "kifaa" kwa maana ya mafumbo, nyenzo ndilo neno lako. "Elimu ni kifaa cha maendeleo" inasikika kama elimu ina kitufe cha kuwashia.

Vitendea kazi huzungumzwa sana maofisini: gari, kompyuta, samani, karatasi, hata mafuta ya gari yenyewe. Neno linajieleza kwa kauli ile ile ya kutendea, yaani vitu vya kutendea kazi. Lina faida ya kumtazama mfanyakazi, kwamba hana cha kufanyia kazi, na kasoro ya kuwa pana mno kwenye orodha ya manunuzi.

Vipuri ni sehemu za kubadilishia kwenye mashine iliyoharibika. Usiviite vifaa kama unaweza kuviita vipuri.

Hatua ya 7: Jihadhari na "vifaa vya ujenzi"

Hatua hii imewagharimu watu fedha halisi, kwa hiyo naiandika peke yake.

Katika Kiswahili cha kila siku, vifaa vya ujenzi ni saruji, nondo, mabati, misumari, mbao, rangi. Duka la vifaa vya ujenzi huuza hivyo. Lakini fundi akisema "nitakuja na vifaa vyangu", anamaanisha mwiko, timazi, pimamaji, nyundo na msumeno. Neno moja, vitu vya aina mbili: vinavyoisha ndani ya jengo na vinavyorudi nyumbani na fundi.

Nimewahi kuombwa kusoma makubaliano ya mkono kati ya mwenye nyumba na fundi wake baada ya wawili hao kushindwa kuelewana. Karatasi ilisema, kwa mwandiko mzuri kabisa: "Bei ni pamoja na vifaa." Mwenye nyumba alielewa kwamba saruji imo. Fundi alielewa kwamba hatadai kodi ya zege-mixa na ngazi zake. Kila mmoja alikuwa mkweli, na kila mmoja alikuwa na Kiswahili upande wake. Maneno matano hayo yaliwakosanisha watu waliokuwa wakinywa chai pamoja wiki iliyotangulia.

Namna ya kuepuka ni kutenganisha kwa majina. Andika: "Mwenye nyumba atanunua saruji, mchanga, kokoto, nondo na misumari. Fundi atakuja na zana zake za kazi, zikiwemo mwiko, timazi, pimamaji na nyundo. Mashine ya kuchanganyia zege italipiwa na …" na hapo jaza jina. Vinavyoisha viite kwa majina yake, vinavyorudi viite zana. Ukifanya hivyo, neno "vifaa" unaweza kulitoa kabisa kwenye mkataba.

Hatua ya 8: Hesabu sawasawa

"Kifaa" huhesabika. Kifaa kimoja, vifaa ishirini. Ukitaka kundi zima, tumia wingi: vifaa vya maabara vimefika. Kuandika "kifaa cha maabara kimefika" ni kusema kitu kimoja tu kimefika.

Tatizo kubwa zaidi ni namba iliyosimama bila maelezo. "Shule imepokea vifaa 40." Arobaini nini? Vipande arobaini, au maboksi arobaini yenye vipande kumi kila moja? Kwenye orodha ya makabidhiano andika: "seti 10 za vifaa vya hisabati, kila seti ikiwa na rula, bikari, kipimapembe na pembetatu mbili." Sasa anayepokea anaweza kuhesabu, na anayekagua baadaye anaweza kuhesabu tena akapata jibu lile lile.

Vivyo hivyo, "vifaa mbalimbali" ni maneno ya kuyaogopa. Yanaficha. Kama vitu ni vitano, vitaje vyote vitano. Kama ni hamsini, taja vile vikubwa na uambatanishe orodha.

Hatua ya 9: Simu, kompyuta na majina mapya

Kwenye mipangilio ya simu utakuta "kifaa chako", "kifaa kimeunganishwa", "ondoa kifaa". Hapo neno limepewa kazi mpya: kitu chochote cha elektroniki kinachoweza kuunganishwa na kingine, iwe simu, saa, spika au runinga. Ni matumizi mazuri, kwa kuwa anayeandika maelekezo hajui mtumiaji ameshika nini. Lakini wewe unayemwandikia mtu unayejua ameshika simu, andika simu.

Ukihitaji kutenganisha mwili wa kompyuta na kinachoendesha humo ndani, maunzi ni ule mwili, na programu ni kinachoendesha. "Vifaa" hapa litakuchanganyia, kwa sababu kipanya na printa pia ni vifaa.

Majina mapya nayo huzaliwa. Kishikwambi, yaani kompyuta bapa ya kushikwa mkononi (tableti), kilikuwa neno la wachache hadi Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022, makarani walipotembea nyumba kwa nyumba wakiwa navyo. Baada ya hapo likaingia midomoni mwa watu. Kitu kikishapata jina na watu wakalipokea, litumie bila woga. Kabla ya hapo, "kifaa cha" pamoja na kazi yake kitakuvusha.

Hatua ya 10: Jua linapovuka kwenda kwa watu

Kurasa za michezo humwita mchezaji mpya aliyesajiliwa "kifaa kipya", kama wanavyomwita mchapakazi "jembe". Ni sifa, na lugha ya michezo ina uhuru wake. Ukiliendeleza katika sentensi, rudi kwenye upatanisho wa mtu: "Kifaa hicho kipya kimewasili jana usiku, na leo ameanza mazoezi."

Mtaani pia neno hutumiwa kumsifia msichana mzuri. Hilo mimi silitumii, na nawashauri vijana wanaoandika waliache. Binadamu si kitu cha kumfaa mwingine kwa kazi, na maana ya asili ya neno haifichiki.

Hatua ya 11: Kagua kabla ya kutuma

Chukua hati yako, tafuta kila mahali ulipoandika "kifaa" au "vifaa", na uulize: kazi yake nimeitaja? Kuna jina fupi linaloweza kuchukua nafasi yake? Kinakata na kuchonga, basi ni zana? Kinabeba, basi ni chombo? Kinaisha kikitumika, basi nikitaje kwa jina? Namba yake inahesabika? Kisha tafuta "dhana" moja moja, kama nilivyoeleza. Mwisho isome hati kwa sauti, kwa sababu sikio hukamata "vifaa zote" ambayo jicho lilishaizoea.

Ile taarifa ya kilimo tuliimaliza na mwandishi wake kwa simu, tukienda sentensi kwa sentensi. Ile iliyonisimamisha ukurasa wa tatu ilitoka hivi: "Wakulima wamepatiwa pampu za mkono za kumwagilia na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na wamefundishwa dhana ya kilimo hifadhi." Jedwali nalo likapata kichwa kipya: "Zana zilizogawiwa."